Boksi jepesi la gitaa la besi: jinsi ya kulichagua, jinsi ya kulijenga

Mwaka 1969 Ampeg walitoa amplifaya ya SVT, na boksi lililokuja kuzoeleka nayo ni lile la spika nane za inchi 10. Boksi la aina hiyo linatengenezwa mpaka leo, na lina uzito wa kilo 63 hivi kabla hujaweka amplifaya juu yake. Nimelipandisha hadi ghorofa ya tatu mara nyingi, mimi mbele na mpiga ngoma nyuma. Najua linavyokata vidole, na najua pia kwa nini watu walilivumilia: hewa inayosukumwa na koni nane unaisikia kifuani kabla haijafika masikioni. Kwa hiyo anayetaka boksi jepesi asianze kwa kuudharau uzito ule. Aulize kwanza ulikuwa unafanya kazi gani, kisha atafute njia nyingine ya kuifanya kazi hiyohiyo.

Siku hizi amplifaya za daraja D, zisizopoteza umeme mwingi kwa joto, zimeshuka hadi chini ya kilo 3 na zinaingia kwenye mfuko wa gitaa. Mzigo uliobaki ni boksi. Katika yote yatakayofuata kuna jambo moja ninalolishikilia: kilo ziondolewe kwenye mbao na kwenye sumaku, zisiondolewe kwenye lita. Boksi lililofanywa jepesi kwa kufanywa dogo limekuuzia wepesi kwa kukunyang'anya besi.

Kilo zinakaa wapi

Chukua boksi la spika moja ya inchi 12, kimo sentimita 52, upana 42, kina 40. Likijengwa kwa plaiwudi ya birchi ya milimita 18, ambayo ina kama kilo 680 kwa mita ya ujazo, mbao peke yake zinakaribia kilo 13. Lijenge lilelile kwa plaiwudi ya popla au okume ya milimita 12, ambayo ni kama kilo 450 kwa mita ya ujazo, uweke ubao wa mbele wa milimita 15, na mbao zote zinashuka chini kidogo ya kilo 6. Umeokoa kilo 7 na vipimo vya nje havijabadilika. Nafasi ya ndani hata imeongezeka kidogo, maana kuta zimekuwa nyembamba. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, ni nzito kuliko birchi, kama kilo 750 kwa mita ya ujazo, na pembe zake hubomoka zikigongwa. Kwa boksi la kubebwa, iache.

Sehemu ya pili ni sumaku. Spika ya inchi 12 ya sumaku ya feraiti kwa kawaida ina kilo 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi. Yenye sumaku ya neodimiamu, aina iliyoingia sokoni miaka ya 1980, mara nyingi haifiki kilo 3, na nguvu ni ileile. Ina tabia mbili za kuzijua. Haipendi joto kali kama feraiti inavyolivumilia, hivyo usiifunike mgongo kwa sponji. Pia hushika kutu upesi ikiwa utando wake umekwaruzwa, kwa hiyo ukinunua iliyotumika, ichungulie kwa tochi.

Sasa tatizo. Ubao wa milimita 12 unapinda kirahisi zaidi ya mara 3 kuliko wa milimita 18 wa mti uleule, kwa sababu ukakamavu hufuata kipeo cha tatu cha unene. Boksi langu la kwanza jepesi nililijenga kwa milimita 12 bila kuweka chochote ndani, na nilifurahi sana siku nililobeba kwa mkono mmoja. Furaha iliisha nilipogusa uzi wa D ulio wazi. Ubavu wa kulia ulivuma "vuuu" na kuendelea kuvuma hata baada ya kuuzima uzi. Uzi wa D ni hezi 73, yaani mitetemo 73 kwa sekunde, oktavu yake ni 147, na ubao ule ulikuwa unaitikia hapohapo. Nilipoubana kwa kiganja, ukanyamaza; nilipoondoa mkono, ukaanza tena. Kile kiganja kilinifundisha nilichokuwa nimekosa.

Waunda majahazi wanalijua hili tangu zamani. Hawategemei unene wa ubao peke yake, huupigia mataruma kwa ndani, yaani vipande vya mti vya kuushikilia. Ubao ukishikwa katikati, nafasi inayotikisika inabaki nusu, na masafa ya mtikisiko wake hupanda hadi mara 4 hivi. Huko juu mtikisiko hauna nguvu ya kukuharibia noti. Mataruma yote ya boksi hayafiki kilo 1. Badala ya kilo 7 za unene, unalipa kilo 1 ya akili.

Kwa nini lita haziguswi

Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi watatu wa kampuni ya spika ya KLH mwaka 1957, ndiye anayetajwa kwa kanuni ambayo mafundi huiita ya chuma. Kuna mambo matatu ambayo kila mtu anayataka: besi ya chini sana, boksi dogo, na sauti kubwa kwa wati chache. Unaweza kuchagua mawili. La tatu litakutoka mkononi. Hakuna sumaku wala tangazo linaloivunja kanuni hii. Ukiona boksi dogo mno linalodai kushuka hadi hezi 35, uliza ni wati ngapi zitahitajika ili lisikike juu ya ngoma.

Habari njema ni kwamba mpiga besi hahitaji kushuka sana kama anavyodhani. Uzi wa E ulio wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, na B ya gitaa la nyuzi tano mara 31. Lakini ukiupima mlio wa uzi wa E kwenye spika, nguvu nyingi utaikuta kwenye hezi 82, oktavu moja juu, na sikio lenyewe hujaza kilichopungua chini. Boksi linalosimama imara hadi hezi 45 au 50 linatosha kwa kazi nyingi za jukwaani. Anayelazimisha 30 analipa sana, kwa sababu kila ukishuka oktavu moja kwa ukubwa uleule wa sauti, koni inatakiwa isafiri mara 4.

Kuisoma karatasi ya spika

Watu wengi husoma wati na inchi tu. Hizo ndizo namba mbili zinazosema machache kuliko zote.

Tuanze na wati. Zile zilizoandikwa ni za joto: kiasi ambacho koili, waya uliozungushwa unaosukuma koni, inaweza kupokea bila kuungua. Kwenye besi, spika huishiwa mwendo kabla ya kuungua. Spika ya wati 400 yenye mwendo mfupi huweza kufika ukomo kwa wati 100 au pungufu kwenye noti za chini, na unaisikia ikigonga "tak, tak" ilhali taa ya amplifaya bado ni ya kijani. Namba inayosema ukweli hapa ni Xmax, yaani milimita ambazo koni inasafiri upande mmoja huku koili ikiwa bado ndani ya nguvu ya sumaku. Kwa spika moja ya inchi 12 ninatafuta milimita 5 au zaidi.

Inchi nazo hazisemi besi itashuka wapi. Kinachosukuma hewa ni eneo la koni likizidishwa kwa mwendo wake. Inchi 12 yenye mwendo mrefu inaishinda inchi 15 ya kizamani yenye mwendo wa milimita 2, tena ndani ya boksi dogo zaidi.

Kisha kuna kiwango cha sauti kwa wati 1 ukiwa mita 1. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hapo ni sawa na kuongeza wati maradufu. Spika ya desibeli 98 ukiipa wati 200 inalingana na ya desibeli 95 iliyopewa wati 400. Anayeijua hesabu hii hanunui amplifaya kubwa zaidi kabla ya kuiangalia spika yake.

Namba zilizobaki, Fs (masafa ambayo koni hutetema yenyewe), Qts (jinsi mtetemo huo unavyozuiwa) na Vas (ulaini wa koni uliopimwa kwa lita za hewa), ni za kupangia boksi. Tunazo kwa kazi ya Neville Thiele ya mwaka 1961 na ya Richard Small ya miaka ya mwanzo ya 1970, zote zilizofanyika Australia. Kabla yao kulikuwa na kubahatisha kwingi. Baada yao fundi anaweza kuliona boksi kwenye karatasi kabla hajagusa msumeno. Kwa kifupi, Qts ya kati ya 0.25 na 0.4 hupenda boksi lenye bomba la hewa, ikizidi 0.5, fikiria boksi lililozibwa kabisa. Programu ya bure ya WinISD inakubali namba hizi na kukuchorea mstari. Itumie kabla ya kununua spika, maana spika nzuri katika boksi isilolipenda inageuka spika mbaya.

Ukiwa unanunua lililokwisha jengwa

Libebe kwanza. Linyanyue kwa mpini wake, tembea nalo hatua ishirini, panda nalo ngazi ikiwa zipo. Mpini uliowekwa mbali na kitovu cha uzito hulifanya boksi la kilo 12 lijisikie kama la 16.

Halafu ligonge kwa kifundo cha kidole, juu, ubavuni na mgongoni. Unataka kusikia "ko" fupi na kavu. Ukisikia "duuu" linalobaki hewani, hakuna mataruma ndani, au yapo mahali pasipofaa. Ingiza vidole kwenye bomba la hewa uupapase ubao. Unene wake utaujua, na mara nyingi utayagusa mataruma yenyewe.

Kwenye karatasi, tazama namba ya chini imepimwaje. "Hezi 40" kwa kushuka desibeli 3 na "hezi 40" kwa kushuka desibeli 10 ni maboksi mawili tofauti kabisa. Isipotajwa, chukulia ni 10.

Omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, zinahitaji umakini. Amplifaya nyingi ndogo zinakubali omu 4 kwenda juu. Boksi moja la omu 8 hukuachia nafasi ya kuongeza la pili la omu 8, na yote mawili kwa pamoja ni omu 4. Ukinunua la omu 4 leo, siku ukitaka la pili la omu 4 jumla itakuwa 2, na amplifaya isiyokubali 2 itajizima au itaharibika. Mimi humshauri kila anayeanza: nunua au jenga omu 8.

Na ushauri wangu mkubwa kuliko wote ni maboksi mawili madogo yanayofanana badala ya moja kubwa. Kilo 12 kila mkono zinakupitisha mlangoni ukiwa umesimama wima. Kilo 24 kwenye mkono mmoja zinakupinda mgongo. Kwenye ukumbi mdogo unakwenda na moja. Kwenye ukumbi mkubwa unayapanga moja juu ya jingine, na kuyapanga wima kuna maana. Spika mbili zikikaa ubavu kwa ubavu, sauti za kati huingiliana upande wa kushoto na kulia: mpiga gitaa aliye pembeni anasikia besi yenye mashimo, na wewe uliye mbele unasikia besi nzuri. Zikisimama wima, mwingiliano huo unahamia juu na chini, sauti inatawanyika ukumbini, na spika ya juu inafika karibu na sikio lako badala ya kupigia magotini.

Ukilijaribu dukani, usicheze peke yako kwa sauti ya chini ukaridhika. Piga kwa ukubwa wa sauti wa bendi. Piga E iliyo wazi, panda nusu toni moja moja hadi G ya juu, na sikiliza kama kuna noti inayoruka au inayozama. Kisha mwombe mtu apige ili wewe utembee ukumbini.

Ukijenga mwenyewe

Nitakupitisha kwenye boksi lile la sentimita 52 kwa 42 kwa 40. Linafaa spika nyingi za inchi 12 za neodimiamu zenye mwendo mrefu, lakini ya kwako ipitishe kwenye programu kwanza. Likikamilika lina kilo 11 hadi 12.

*Hatua ya 1: hesabu ya nafasi na ya bomba.* Ubao wa mbele unaingia ndani sentimita 2 ili wavu upate pa kukaa. Nafasi ya ndani inabaki 49.6 kwa 39.6 kwa 35.3, yaani lita 69. Toa spika (lita 2.5), papi za kona za ndani na mataruma (2.4), na mabomba mawili (kama 5). Unabaki na lita 59 hivi, na hizo ndizo za kuingiza kwenye hesabu. Wengi husahau kutoa, kisha wanashangaa kwa nini boksi halikutokea kama mchoro.

Tunalipanga boksi kwenye hezi 48, yaani masafa ambayo hewa ya mabomba inatikisika kwa nguvu zaidi. Urefu wa kila bomba kwa sentimita unapatikana hivi: zidisha 23,562 kwa kipenyo mraba, zidisha kwa idadi ya mabomba, gawa kwa jibu la masafa mraba mara lita, kisha toa kipenyo kilichozidishwa kwa 0.732. Kwa mabomba mawili yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10, jibu ni sentimita 27, unene wa ubao wa mbele ukiwemo. Mabomba ya plastiki ya maji taka ya inchi 4 yanafaa, ila pima kipenyo cha ndani mwenyewe, maana hutofautiana.

Ungeweza kutumia bomba moja tu la sentimita 10, na hesabu ingekupa urefu wa sentimita 9 au 10. Nilifanya hivyo kwenye boksi la pili. Kwa sauti ya chini lilikuwa zuri. Nilipoongeza, kila noti ya chini ilitoka na pumzi, "fuu, fuu", kama mtu anayepuliza mshumaa. Hewa ileile ilikuwa inalazimishwa kupita kwenye tundu dogo. Eneo likiwa maradufu, mwendo wa hewa unashuka nusu na pumzi inakoma. Gharama yake ni bomba refu zaidi, na hapa nafasi ipo: nyuma ya mabomba zinabaki zaidi ya sentimita 8 hadi ubao wa mgongo.

*Hatua ya 2: kukata.* Vipande ni hivi:

- juu na chini: 42 kwa 40, viwili, milimita 12
- mbavu: 49.6 kwa 40, viwili, milimita 12
- mgongo: 49.6 kwa 39.6, milimita 12
- ubao wa mbele: 49.6 kwa 39.6, milimita 15
- papi za mti mwepesi, sentimita 2 kwa 2, mita 4 hivi

Ukiweza, wape wenye msumeno wa meza wakukatie. Kona zilizo wima sawasawa zinakuokolea siku nzima ya kujaza nyufa. Mgongo na ubao wa mbele vipunguze milimita 1 kila upande ili viingie bila kupigwa nyundo.

*Hatua ya 3: matundu.* Usichore duara kwa uzi na msumari, uzi hunyooka. Chukua ufito mwembamba, toboa tundu mbili, moja ya msumari na moja ya penseli. Spika ikae juu, mabomba mawili yakae chini kwenye pembe. Tundu la spika ya inchi 12 huwa karibu na sentimita 28, lakini fuata karatasi ya spika yako, kisha jaribu kwenye kadibodi kabla ya kugusa ubao. Kata polepole kwa msumeno wa umeme wa wembe mwembamba, ukibandika utepe wa karatasi juu ya mstari ili plaiwudi isichanike.

Kwa boliti za spika, usitumie skrubu za mbao. Popla ni laini, skrubu hulegea baada ya kufunguliwa mara mbili. Tumia nati zenye meno zinazopachikwa nyuma ya ubao, na boliti za M5. Kila nati ipake epoksi kidogo kuzunguka ukingo, mbali na hesi. Nati inayodondoka ndani ya boksi lililokwisha fungwa ni usumbufu ambao tone moja la gundi lingeuzuia.

*Hatua ya 4: gundi.* Gundi ndiyo inayolishika boksi; skrubu zinashikilia tu mpaka ikauke. Skrubu ikiingia kwenye ukingo wa plaiwudi ya milimita 12 huupasua, ndiyo maana papi zinakaa kwenye kona za ndani: unapata eneo pana la kugundisha na mahali salama pa skrubu. Gundi nyeupe ya mbao inatosha kama viungo vimekaa vizuri. Kama kuna mianya, tumia ya poliurethani inayovimba ikikauka, ukiulowesha ubao kidogo kwanza.

Unganisha chini, mbavu na juu kwanza, ukitumia ubao wa mgongo kama kipimo cha kona lakini bila kuupaka gundi bado. Pima mishazari miwili. Ikilingana, kona ziko wima. Banza kwa klampu, futa gundi iliyotoka, acha usiku kucha. Ubao wa mbele unafuata, kisha mabomba, halafu mataruma. Mgongo uwe wa mwisho.

*Hatua ya 5: mataruma.* Hapa usiharakishe. Tumia fito za mviringo za kipenyo cha sentimita 2.5 hivi, au vipande vya plaiwudi vya upana wa sentimita 4 vilivyosimama kwa ubapa. Taruma moja liunganishe ubavu na ubavu. Jingine liunganishe juu na chini, likipita nyuma ya spika bila kuigusa sumaku. La tatu litoke kwenye ubao wa mbele, kati ya spika na mabomba, hadi mgongoni. Yanapokutana, yagundishe pamoja. Taruma linalounganisha kuta mbili zinazotazamana ni bora kuliko linalobandikwa kwenye ukuta mmoja, kwa sababu hewa inazisukuma kuta zote mbili nje kwa wakati mmoja, na kila moja inamzuia mwenzake.

Usiyaweke katikati kamili. Ukigawa ubao sehemu mbili sawa, zote mbili zitaitikia masafa mamoja. Weka kwenye mbili ya tano ya urefu, na kila ukuta uwe na mahali pake tofauti.

Gonga kila ukuta kabla gundi haijawekwa, ukilishikilia taruma kwa mkono, na lisogeze sentimita moja moja. Utasikia "duu" ikifupika na kupanda mpaka iwe "ko". Weka alama ya penseli hapo. Nimetumia saa nzima kwenye kazi hii kwa boksi moja na sijawahi kuijutia.

*Hatua ya 6: mgongo, sponji, nyaya.* Kabla ya kufunga mgongo, pitisha gundi kwenye kila kiungo cha ndani kwa kidole. Boksi lenye bomba la hewa lazima livute na kupumua kupitia bomba tu. Bandika sponji au pamba ya poliesta ya sentimita 2.5 mgongoni, juu na ubavu mmoja. Iache mbali na midomo ya mabomba. Pamba ya kioo inawasha ngozi na vumbi lake hutoka bombani, iepuke.

Soketi iwe ya Speakon. Inajifunga, haigusani vichwa ikichomolewa, na haiwezi kuchanganywa na kebo ya gitaa. Kebo ya gitaa, nyembamba na yenye wavu, haitakiwi kabisa kati ya amplifaya na boksi. Waya wa ndani wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha. Kuhakikisha chanya iko chanya, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye soketi, chanya kwa chanya, kwa sekunde moja: koni ikiruka kwenda nje, umefunga sawa. Hili ni la lazima kwa anayejenga maboksi mawili, kwani moja likiwa kinyume, besi yote inamezana.

Twita, spika ndogo ya sauti za juu, ni hiari. Ukiiweka, weka na kitufe cha kuipunguza. Anayepiga kwa kidole gumba na kuvuta nyuzi ataipenda. Anayepiga kwa vidole tu mara nyingi huishia kuizima.

*Hatua ya 7: ngozi ya nje.* Popla hubonyea kirahisi, kwa hiyo weka kinga za kona za plastiki, nyepesi kuliko za chuma. Lainisha kingo kwa msasa, ila usizidi mviringo wa milimita 6, maana viungo vyenyewe ni milimita 12 tu. Rangi ngumu ya maji, mikono mitatu, inaongeza uzito mdogo kuliko zulia. Mpini mmoja wa ukanda ukae juu. Usiupime kwa macho: ikiwa spika tayari imewekwa, lisimamishe boksi juu ya ufito, lisogeze mpaka lisawazike, na mpini ufungwe juu ya mstari huo. Miguu iwe ya mpira mnene, kwa sababu boksi jepesi hutembea lenyewe jukwaani likipigwa sana.

Kulijaribu kabla ya kulipeleka kazini

Pata programu ya simu inayotoa mlio wa masafa unayochagua, iunganishe kwenye amplifaya, sauti ya wastani. Weka hezi 60, lowesha kidole na kipitishe polepole kwenye kila kiungo. Penye mwanya utahisi pumzi. Ziba kwa gundi.

Kisha gusa koni kwa upole na ushuke kutoka 80. Itakuwa inatikisika chini ya kidole, halafu mahali fulani itatulia kama imelala, na kiganja ulichokiweka mbele ya mabomba kitapigwa na upepo. Masafa hayo ndiyo mapigo ya boksi lako. Yakiwa kati ya 46 na 50, umefika. Yakiwa juu, mabomba ni mafupi. Ongeza urefu kidogo kwa pete ya kadibodi ngumu, na ukiridhika tengeneza ya kudumu. Endelea kushuka chini ya hapo uone koni inavyoanza kuruka ovyo: huko hakuna hewa inayoizuia. Kwa sababu hiyo ninawasihi wanaopiga nyuzi tano watumie kichujio kinachokata kila kitu chini ya hezi 35 hivi. Sikio halikosi kitu, na spika inapona.

Mwisho panda kutoka 40 hadi 300 polepole sana na usikilize kelele ndogondogo: wavu uliolegea, waya unaogusa koni, mpini unaotikisika. Wavu uwekee utepe wa sponji nyuma yake. Waya ufunge kwenye taruma. Boliti za spika zikaze kwa mpangilio wa kupishana, kama za gurudumu, bila nguvu nyingi, kisha zirudie baada ya mwezi mmoja wa kazi, kwani ubao laini hushuka chini ya nati na boliti zilizokuwa zimekaza utazikuta zimelegea robo mzunguko.